Mlango wa Gari Usiofunguka

Ndugu mwanakisomo, huenda wewe huna gari. Lakini unapanda gari. Unakwenda mnadani, unapeleka mgonjwa hospitali, unasafiri kwenda msibani. Tena vijana wengi wa vijiji vyetu sasa ni madereva, na wengine ni mafundi. Kwa hiyo somo hili ni letu sote.

Magari mengi madogo yanayobeba abiria vijijini yaliletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Vitasa vya milango yake hufungwa kwa umeme. Dereva anabonyeza swichi moja tu, na milango yote inajifunga. Anabonyeza tena, yote inafunguka. Jambo hili ni zuri mpaka siku kitasa kinapogoma.

Fikiri mama mjamzito ameshikwa na uchungu usiku. Gari limeitwa. Mlango wa nyuma haufunguki, na wanawake wanaomsindikiza wanalazimika kumwingiza kwa mlango wa upande wa pili, kumsogeza juu ya viti, na kumtoa kwa njia hiyo hiyo wakifika. Au fikiri gari limepinduka mtaroni na mlango mmoja umelaliwa. Mlango wa upande wa pili ndio ule mbovu. Watu watatokea wapi?

Madereva wengi huogopa kitasa kisichofungika, kwa sababu wanaogopa wezi. Mimi naona kitasa kisichofunguka ndicho cha kuogopa zaidi. Mwizi huchukua mali, lakini mlango usiofunguka unaweza kuchukua mtu.

KITASA CHA UMEME HUFANYAJE KAZI?

Ndani ya mlango kuna komeo la chuma lenye ulimi. Ulimi huo hukamata kipete cha chuma kilichofungwa kwenye nguzo ya gari. Hapo mlango umefungwa. Kutoka kwenye komeo kuna vijiti vyembamba vya chuma, au kamba za waya, zinazokwenda kwenye kishikio cha nje, kishikio cha ndani na kitufe cha kufungia.

Pembeni ya komeo kuna mota ndogo ya umeme yenye meno ya plastiki. Mota hiyo hutumia umeme wa betri ya gari, yaani volti 12. Inaletewa nyaya mbili. Umeme ukiingia kwa waya wa kwanza na kutokea wa pili, mota huzunguka upande mmoja na kusukuma kitasa kifunge. Umeme ukigeuzwa, mota huzunguka upande wa pili na kitasa hufunguka. Kazi yote huchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Kumbuka jambo moja. Umeme haukuondoa njia ya mkono. Kitufe cha ndani bado kinaweza kuvutwa kwa vidole, na ufunguo bado unaweza kufungua mlango wa dereva hata betri ikiwa imekufa. Kila abiria ajue kitufe hicho kiko wapi.

SOMA MAZUNGUMZO HAYA

Dereva kijana amefika kwa fundi mtu mzima.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, kijana. Gari lina nini?"

"Mlango wa nyuma, upande wa kushoto, haufunguki. Madereva wenzangu wameniambia ninunue kitasa kizima."

"Haufunguki kwa nje au kwa ndani?"

"Kwa ndani. Kwa nje unafunguka."

"Umewahi kutazama ubavu wa mlango ukiwa wazi?"

"Ubavu? Sijautazama."

Fundi alifungua mlango kwa nje. Akamwonyesha kidude kidogo kwenye ubavu, karibu na komeo. Akakisukuma kwa kidole. Akavuta kishikio cha ndani, na komeo likaachia.

"Hiki ni cha kuwazuia watoto wasifungue mlango safarini," alisema. "Kikiwekwa, kishikio cha ndani hakifanyi kazi. Kitasa chako ni kizima."

Dereva alikuwa na fedha za kitasa kipya mfukoni. Alirudi nazo nyumbani.

ULIZA MASWALI KABLA YA KUFUNGUA MLANGO

Fundi yule hakushika bisibisi kwanza. Aliuliza. Nawe fanya hivyo.

Swali la kwanza: je, ni mlango mmoja au ni milango yote? Kama milango yote imegoma kwa pamoja, usifungue mlango wowote. Ni vigumu mota nne kufa siku moja. Kwanza angalia betri ya gari, kisha fyuzi. Fyuzi hukaa kwenye kisanduku chini ya dashibodi au karibu na injini, na juu ya kifuniko chake mara nyingi kuna mchoro. Fyuzi iliyoungua huonekana, kwa maana waya wake wa ndani umekatika. Weka nyingine yenye namba ile ile. Kama ni 20, weka 20.

Hapa nisikilize vizuri. Kuna watu fyuzi ikiungua mara ya pili huweka kubwa zaidi, au huzungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ni kama mlinzi anayekufa ili nyumba isiungue. Ukimweka mlinzi asiyekufa, nyaya ndizo zitakazoungua, na gari pamoja nazo. Fyuzi ikiungua tena, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi. Mtafute huyo.

Kama swichi ya mlangoni inafanya kazi lakini rimoti haifanyi, basi tatizo ni rimoti. Badilisha kibetri chake kidogo kabla ya jambo jingine.

Swali la pili, kama ni mlango mmoja tu: je, unasikia sauti? Zima injini na redio, weka sikio karibu na mlango, na mwenzako abonyeze swichi. Ukisikia mota inagonga lakini kitufe hakisogei, umeme unafika. Huenda kijiti kimechomoka, au meno ya plastiki yamelika. Ukisikia sauti dhaifu na kitufe kinasogea nusu, komeo limekauka na kujaa vumbi, au mota imechoka. Usiposikia kitu kabisa, umeme haufiki au mota imekufa.

WAYA ULIOKATIKA BAWABANI

Fungua mlango, utazame upande wa bawaba. Utaona mpira wenye mikunjo kama shingo ya kobe. Ndani yake zinapita nyaya zote za mlango. Kila mlango unapofunguliwa nyaya hizo hukunjwa, na kila unapofungwa hunyooshwa. Gari la abiria hufunguliwa mara nyingi sana kwa siku. Baada ya miaka, shaba ya ndani hukatika, wakati mwingine huku plastiki ya nje ikiwa nzima.

Ziko dalili. Kitasa hufanya kazi mlango ukiwa wazi kidogo, na kugoma ukifungwa. Au kioo cha umeme na spika ya mlango huo huo navyo vimeanza kusumbua. Ukiona hivyo, chomoa mpira taratibu, uvute kila waya kidogo. Uliokatika utanyooka kama utumbo mtupu.

Kabla ya kuunga, toa waya wa hasi kwenye betri. Usiunge ncha mbili za zamani tu, kwani waya utakuwa mfupi na utakatika tena. Ongeza kipande cha waya wenye unene ule ule. Maungio yakae mbali na mikunjo, upande wa ndani ya mlango au ndani ya bodi. Unga kwa risasi ya kulehemu, kisha funika kila ungio peke yake. Fanya waya mmoja hadi uishe ndipo ushike wa pili, la sivyo utachanganya rangi. Kazi hii hula muda lakini haili fedha nyingi. Watu wengi wamenunua kitasa kizima kwa sababu ya waya wa urefu wa kidole.

KUFUNGUA MLANGO

Kama waya ni wazima, hapo ndipo tunafungua mlango. Pandisha kioo juu kabisa. Toa waya wa hasi wa betri, usubiri dakika chache. Baadhi ya magari yana mifuko ya hewa ya kumkinga abiria, na nyaya zake mara nyingi zimefunikwa kwa rangi ya njano. Usizipime wala usizikate.

Kava ya ndani ya mlango imeshikwa na skrubu chache na vibanio vya plastiki. Skrubu hupenda kujificha: moja nyuma ya kishikio cha ndani, nyingine mahali pa kuegemeza mkono. Usivute kwa hasira kabla hujazipata zote. Kisha vuta kuanzia chini. Chomoa soketi ya swichi ya kioo.

Utakuta karatasi ya plastiki imebandikwa. Ibandue polepole uitunze. Kazi yake ni kuzuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari. Mafundi wa haraka huitupa, na masika yakifika mwenye gari analalamika kwamba zulia limeoza. Angalia pia mikono yako, maana bati la ndani ya mlango lina makali kama wembe.

Sasa pima. Rudisha waya wa betri. Chukua taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili, uiguse kwenye nyaya mbili za mota. Mwenzako abonyeze swichi. Taa ikimulika mara moja kama kupepesa jicho, umeme unafika na mota ndiyo mbovu. Taa isipomulika, rudi kwenye nyaya.

Lakini kabla ya kuilaumu mota, sogeza komeo kwa kidole. Kama ni gumu, mota yoyote itachoka. Vumbi la barabara zetu huchanganyika na grisi ya zamani na kuwa udongo. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, sogeza mara nyingi, futa, kisha paka grisi kidogo. Usimimine oili chafu ya injini. Hiyo inakusanya vumbi, na baada ya muda si mrefu utarudi pale pale.

Ikibidi kubadilisha mota, toa tena waya wa betri. Piga picha ya vijiti kwa simu kabla ya kuvigusa, kwa kuwa vinafanana sana vikishatoka. Achia vibanio vya vijiti kwa kuvizungusha, usivivunje. Komeo kwa kawaida limeshikwa na skrubu tatu kwenye ubavu wa mlango. Katika magari mengine mota hutoka peke yake, katika mengine imeungana na komeo na lazima ununue vyote. Nenda dukani na kitu cha zamani mkononi. Kitasa cha kulia hakiingii kushoto, na cha mbele si cha nyuma.

USIFUNGE MLANGO KWANZA

Baada ya kurudisha kila kitu mahali pake, acha mlango wazi. Rudisha betri. Sukuma ulimi wa komeo kwa bisibisi mpaka ujifunge, kama vile mlango umefungwa. Bonyeza swichi ya kufunga, kisha ya kufungua. Vuta kishikio cha nje, ulimi uachie. Sukuma tena, uvute cha ndani. Rudia mara kumi. Ukifunga mlango kabla ya jaribio hili, na kijiti kimoja hakikukaa sawasawa, utakuwa umejifungia kazi yako ndani.

Mpaka kitasa kitengenezwe, dereva awaambie abiria mlango upi ni mbovu kabla hawajakaa. Wala mtoto asiachwe ndani ya gari peke yake, hata kwa dakika chache. Gari lililofungwa juani huweza kupanda joto kwa digrii 15 hivi katika nusu saa, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Mtoto akifungiwa na kitasa kikagoma, usimtafute fundi. Vunja kioo cha mlango ulio mbali na mtoto, ukipiga pembeni ya kioo. Usihangaike na kioo kikubwa cha mbele, hicho hakivunjiki kwa urahisi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Milango yote minne ya gari imegoma asubuhi moja. Utaangalia nini kwanza? Kwa nini?

2. Eleza kwa maneno yako kwa nini waya hukatika karibu na bawaba.

3. Dereva ameambiwa kitasa kizima ni shilingi 85,000 na ufundi shilingi 20,000. Fundi mwingine amegundua waya uliokatika. Anadai shilingi 12,000 kwa kazi na shilingi 3,000 kwa vifaa. Dereva ataokoa shilingi ngapi?

4. Utakapopanda gari mara nyingine, tafuta kitufe cha mkono kwenye mlango ulio karibu nawe. Waeleze wenzako darasani ulikikuta wapi, na kama kilisogea.