Homa ya Bonde la Ufa: Chanja Kabla ya Mvua, Sio Baada ya Kondoo Kutupa Mimba

Siku hizi swali ninaloulizwa sana na wafugaji wa mbuzi na kondoo ni hili: "Afisa, tukisikia Homa ya Bonde la Ufa imeingia ndiyo tuchanje?" Jibu langu ni hapana. Ukisikia imeingia wilayani kwako, kwa chanjo umeshachelewa. Leo tuelewane kwa nini.

Ugonjwa unakujaje

Kirusi chake kilitambuliwa Kenya mwaka 1931, kwenye shamba la kondoo karibu na Naivasha. Kinasambazwa na mbu. Kuna mbu wa jamii ya Aedes wanaotaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayotuamisha maji, na baadhi ya mayai hayo yanakuwa na kirusi tayari. Udongo ukikauka mayai hayafi, yanaweza kusubiri miaka. Zikija mvua kubwa na mafuriko, yanaanguliwa kwa mpigo.

Ndiyo maana milipuko mikubwa ya 1997/98 na 2006/07 ilifuata mvua za El Nino. Ile ya 2007 hapa Tanzania ilianzia kaskazini, ikashuka hadi Dodoma na Morogoro, na zaidi ya watu 100 walifariki. Miaka inayopita katikati bila ugonjwa ndiyo inayotulaza usingizi. Mfugaji anaona kimya, anasema hela ya chanjo ni hasara.

Dalili kubwa ni mimba kutupwa kwa mkupuo, changa kwa kubwa, kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe. Wanakondoo wa chini ya wiki moja wanaweza kufa karibu wote. Tuseme una kondoo 40 wenye mimba na 30 wakatupa. Mauzo ya msimu yameondoka hapo. Halafu inakuja karantini, mnada unafungwa, vibali vya kusafirisha mifugo vinasimama, na hata yule mbuzi wako mzima hauzi.

Mambo matatu kuhusu chanjo

1. Wakati. Kinga haijengeki siku hiyohiyo, mnyama anahitaji wiki kadhaa. Kanda ya kati mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, kwa hiyo ulizia chanjo kuanzia Agosti au Septemba. Kaskazini kwenye vuli na masika, hesabu nyuma vivyo hivyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitabiri mvua juu ya wastani, usisubiri mwenzako aanze.

2. Mimba. Chanjo ya zamani yenye kirusi hai kilichopunguzwa makali inatoa kinga ndefu kwa dozi moja, ila inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe au azae mtoto mwenye kasoro. Ile ya kirusi kilichouawa ni salama kwa wenye mimba, lakini inahitaji kurudiwa. Mwambie daktari wa mifugo ukweli: wangapi wana mimba, wangapi wachanga. Yeye ndiye atakayechagua.

3. Sindano. Mlipuko ukishaanza, baadhi ya wanyama wanakuwa na kirusi kwenye damu huku wanaonekana wazima. Ukipita na sindano ileile kundi zima, unakitoa kwa mmoja na kukipandikiza kwa mwingine. Kwa hiyo chanjo ya dharura inaweza kuusambaza ugonjwa badala ya kuuzuia. Hapo kinachobaki ni kuzuia mifugo isihamehame, kupambana na mbu na kutoa taarifa.

Na sisi watu je?

Hakuna chanjo ya binadamu iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida. Kwa maana hiyo, sindano unayomchoma kondoo ndiyo inayolinda pia nyumba yako. Watu wengi huambukizwa kwa kushika damu, nyama mbichi au kitoto kilichotupwa, wengine kwa kuumwa na mbu. Wengi hupata homa na maumivu ya mwili, kisha wakapona. Wachache macho yanaharibika, ubongo unavimba, au wanatoka damu, na wanaotoka damu karibu nusu hufariki.

Kwa hiyo:

- Usishike kitoto kilichotupwa wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Vaa glavu, fukia kirefu, usiwape mbwa.
- Usichinje mnyama mgonjwa ili "kuokoa hela". Aliye hatarini zaidi ni wewe mwenye kisu.
- Nyama na maziwa msiache, watoto wanavihitaji. Chemsha maziwa hadi yatokote, pika nyama iive kabisa. Damu mbichi na maziwa mabichi hapana.
- Ukipata homa baada ya kuhudumia mifugo iliyotupa mimba, mwambie daktari hospitalini hivyo. Usiishie kumeza dawa ya malaria tu.

Kutupa mimba kuna sababu nyingi, ikiwemo brusela. Usijipe jibu mwenyewe. Mimba mbili tatu zikitoka ndani ya siku chache, piga simu kwa ofisi ya mifugo ya kata au wilaya ili sampuli ichukuliwe. Wapo wanaoficha wakiogopa karantini. Ukificha, jirani naye anapeleka wake mnadani, na karantini itakayokuja itakuwa ndefu zaidi.

Kazi ya wiki hii: hesabu kundi lako, andika wenye mimba na wasio na mimba, kisha ungana na wafugaji wenzako mtoe oda moja ya chanjo. Chupa moja ina dozi nyingi na ikishafunguliwa haikai, kwa hiyo mkichanja siku moja hakuna kinachomwagwa. Na hakikisheni inasafiri kwenye boksi la barafu, sio mfukoni kwa bodaboda.

Kazi njema.