Steringi Atalipa: Mafunzo Niliyopata Katika Kuigiza

Vijana wanaotaka kuigiza hawaishi kunijia. Wengine wananisimamisha stendi ya Kabwe hapa Mbeya, wengine wanapiga simu kutoka Mafinga na Makambako, na karibu wote wana swali moja: naingiaje? Nimezaliwa Kalenga, Iringa, nikakulia Mbeya kwa sababu baba alikuwa mfanyakazi wa TAZARA. Nilianzia kwenye maigizo ya kanisani, nikapita enzi za kanda na za diski, na sasa nimo kwenye tamthilia za ving'amuzi. Kuingia si kugumu kama mnavyodhani. Mimi nataka kuwasimulia yanayokukuta ukishaingia, maana hayo ndiyo yaliyonishangaza.

1. Nafasi iliyokataliwa na wote ndiyo iliyonifundisha kazi

Lilikuwa igizo la Pasaka. Wavulana wote walitaka kuwa Petro, na waliomkosa Petro wakagombea uaskari wa Kirumi kwa ajili ya mikuki. Yuda akabaki hana mtu, nikapewa mimi. Mwalimu wa kwaya alinishonea kifuko, akakijaza vizibo vya soda vilivyopondwapondwa viwe vile vipande thelathini. Siku ya igizo nilivitupa sakafuni, vikatawanyika hadi chini ya mabenchi ya akina mama, na mimi nikalia.

Kesho yake nilikutana na bibi mmoja jirani yetu, aliyezoea kuniita mjukuu. "Shikamoo bibi." Akapita. Ikawa hivyo siku kadhaa, mpaka mama akaenda kumuuliza kulikoni. Bibi akajibu kwamba nililia kama mtu anayemfahamu, mtu aliyewahi kumdhulumu kisha akaja kulia mlangoni kwake, na yeye hakumfungulia.

Tangu hapo sijawahi kuuliza kama mhusika ni mtu mzuri au mbaya. Nauliza ni nani hapa mtaani aliyewahi kukutana naye. Mtazamaji wa Mbeya au Iringa anajua wanafiki wake kwa majina. Ukimletea mnafiki wa kubuni tu, anakuacha unaongea, anaendelea na mazungumzo yake.

2. Usiigize joto ukiwa Uyole

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu kama *Girlfriend* zilipoanza kutoka, sote tuliamini kwamba filamu ni Dar es Salaam. Kundi la maigizo la Kaole lilikuwa huko, televisheni zilikuwa huko, wasambazaji wa Kariakoo walikuwa huko. Hata Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga, jina lake lilikulia huko. Sisi tuliobaki huku juu tukaamua kuitengeneza Dar yetu wenyewe.

Julai moja tukawa tunapiga sini ya wapenzi wawili wanaolalamikia joto la Magomeni. Ni saa moja asubuhi, Uyole ya Mbeya. Mwenzangu amevaa blauzi isiyo na mikono, ananipepea kwa gazeti, na kila akifungua mdomo mvuke unamtoka kama birika la chai. Muongozaji akatuamuru tusukutue maji ya baridi kabla ya kila teki ili pumzi isionekane. Mvuke ulipungua kweli, ila meno yakaanza kugongana, na mtu wa sauti akasema anayasikia kwenye maiki.

Mzee mwenye nyumba alikuwa ameketi pembeni na blanketi lake begani, anatutazama kwa huruma. Akauliza, "Kwani hao wapenzi hawawezi kuwa wa Uyole?"

Tukanyamaza. Kisha tukabadili: gazeti likawekwa, blanketi likaletwa, moto ukakokwa, na wale wapenzi wakagombana juu ya nani aende nje kuchukua kuni. Hiyo ndiyo sini ambayo watu wananikumbusha mpaka leo, na wanaonikumbusha zaidi ni watu wa Dar.

Na hadithi za kwetu hazikosekani. Kwetu Kalenga kuna fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ukitoka Iringa kwenda Dar unapita Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliwapiga Wajerumani mwaka 1891. Mwandishi Mulokozi aliandika tamthilia nzima juu ya Mkwawa, ikachapwa mwaka 1979. Tuna vita, tuna reli, tuna mpaka wa Tunduma usiolala, tuna mashamba ya chai yenye hadithi kila mstari. Na Desemba 2021, tuzo za Tamasha la Filamu Tanzania zilipotolewa hapa hapa Mbeya, ukumbi wa Tughimbe, wakubwa wote wa fani walipanda kuja kwetu, wakanunua masweta.

3. Mahindi ya Makambako

Nilikuwa ndani ya basi, natoka Mbeya kwenda Iringa. Kondakta akaweka filamu kwenye ile skrini ya mbele, na baada ya muda mfupi nikasikia sauti yangu. Abiria walicheka mahali nilipotaka wacheke, wakasonya mahali nilipotaka wasonye. Nilifurahi sana, sifichi. Tulipofika Makambako, mama mmoja wa siti ya mbele aligeuka, akanitazama, akageukia skrini, akanitazama tena. Akaninunulia mahindi ya kuchoma dirishani, akasema, "Chukua, umetupunguzia safari."

Mahindi yale ndiyo malipo pekee niliyopata kwa filamu ile baada ya posho ya siku za kupiga picha.

Biashara ilikuwa hivi: mtayarishaji anakabidhi masta kwa msambazaji, analipwa mara moja, wamemalizana. Hadithi moja ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili, zikauzwa diski mbili kwa kava mbili, lakini posho ya mwigizaji ilibaki ile ile moja. Baadaye zikaja flashi na simu, hata msambazaji mwenyewe akaanza kulia.

Ninachowaambia vijana ni kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, na lile neno la pili, hakishiriki, linamhusu mwigizaji. Kabla hujasaini, tafuta kwenye karatasi ni kwa muda gani kazi yako itatumika, katika nchi zipi, na kama televisheni na intaneti zimo. Ukiona "haki zote, milele", uliza bei ya milele. Dai nakala yako siku hiyo hiyo, wasikwambie itafuata. Mwaka 2018, Mzee Majuto akiwa mgonjwa, mikataba yake ya matangazo ilizungumzwa nchi nzima hadi Waziri Mwakyembe, mtu wetu wa Kyela, akaingilia kati. Mzee Majuto, jina lake halisi Amri Athumani, alifariki Agosti mwaka huo huo. Mtu aliyeichekesha nchi hii tangu ujana wake alistahili kuugua bila kufikiria makaratasi.

4. Watoto wako nao ni watazamaji

Mwanangu wa pili aliniona nimekufa kwenye televisheni ya jirani. Alikimbia hadi nyumbani peku, akanikuta namenya viazi, akanishika miguu hakutaka kuniachia. Jioni ile nilimwonyesha kila kitu: damu ni rangi na sukari, kisu hakina makali, na baada ya pale niliamka nikala wali. Akataka kujaribu. Akafa vizuri kuliko mimi. Waonyesheni mapema.

5. Imani

Niliigiza mchawi, wazee wa kanisa wakaitisha kikao. Walitaka nitoke kwenye kwaya. Mchungaji alisikiliza pande zote kisha akaniuliza, "Aliyekutazama, atatamani kuwa mchawi?" Nikasema hapana. "Basi mazoezi ni Alhamisi."

Mtihani mkubwa ulikuja kwa njia nyingine. Mtu aliyeandaa mkutano wa injili kwenye mahema alinifuata na fedha nzuri kuliko posho ya filamu yoyote. Nivae nguo chakavu, nije kwa magongo, nikiombewa niyatupe. Mkutano ungefanyika mji ambao watu walikuwa bado hawanijui sura. Nyumbani kulikuwa na ada ya shule inadaiwa. Mke wangu, niliyedhani atasema tuichukue, aliuliza swali moja tu: kutakuwa na mtu mwenye magongo ya kweli pale? Sikwenda. Mtazamaji wa filamu amekubali kudanganywa tangu anapokaa, hilo ndilo agano letu naye. Yule wa kwenye mahema hajakubali. Mwigizaji anayeuza kipaji chake mahali pale amemwibia mgonjwa tumaini lake, na mimi sina maneno laini kwa jambo hilo.

6. Msiba

Mke wangu tulimzika Iringa. Wanaume tulikuwa nje kuzunguka magogo ya moto, wanawake ndani kwenye mikeka, vijana wa mtaa wanapokezana kusonga ugali. Makaburini niliona simu zimeinuliwa. Nikamsikia mmoja akinong'ona, "Subiri, sasa atalia."

Nimelia katika filamu nyingi. Najua jinsi ya kuvuta pumzi fupi fupi, jinsi ya kutopepesa macho mpaka yachome. Siku ile nilishika koleo, nikatia udongo, macho makavu kabisa. Wengine wakasema hakumpenda. Wengine wakasema machozi yake hayatoki bila posho. Mimi mwenyewe nilijishangaa.

Wiki kadhaa baadaye nilikwenda dukani kununua kiberiti. Mwenye duka alisitasita, akasema, "Mzee, samahani, mama aliacha kideni." Akafungua daftari. Sabuni, chumvi, majani ya chai. Mbele ya kila mstari, kwa mwandiko wa mke wangu: *Steringi atalipa*. Sikujua kwamba ananiita hivyo. Nililia pale kaunta mpaka mwenye duka akafunga mlango wa mbele ili watu wasiingie.

Nilikuwa nimeshaona misiba ya wenzetu. Aprili 2012 Kanumba alipoagwa viwanja vya Leaders, akiwa na miaka 28 tu, watu walizimia. Mei 2014 peke yake ilituchukulia Adam Kuambiana, Recho Haule na George Tyson. Nilidhani najua majonzi yalivyo. Baada ya lile daftari, nikipewa sini ya msiba simwigizi mfiwa aliyesimama makaburini. Namtafuta yule wa wiki ya sita, aliyekwenda dukani kununua kiberiti. Na muongozaji mmoja aliponiambia, "Mzee, mkumbuke mama ili utoe machozi," nilivua maiki nikaenda kukaa kwenye gari. Tuliendelea alipokuja kuomba radhi. Kuna mambo hayapelekwi kazini. Mkifiwa na mwenzenu, wekeni simu mfukoni, mkasaidie kuchota maji.

7. Uzee una kazi

Nilidhani mvi zitanistaafisha. Kumbe tamthilia haiendi bila babu, na tangu zije chaneli kama Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo, mababu tunatafutwa. Nikipigiwa simu, naomba skripti kwanza, fedha tunazungumza nikishaisoma.

Mwezi ujao naanza kumwigiza mlinzi wa usiku. Nimeshaanza kukaa na mlinzi mmoja wa kweli pale Mwanjelwa, kuanzia saa nne usiku mpaka wauza mboga wanapofungua. Ameniambia walinzi wa kwenye filamu wote ni waongo, wanasinzia kwenye kiti. Yeye anasinzia amesimama, mgongo mlangoni, ili mlango ukiguswa aanguke, aamke.