MOSHI HUU UNATOKA WAPI?
(Somo la Kemia)



Asubuhi moshi unapofunika Butembo ao Beni, mmoja anasema: «Ni pikipiki.» Mwingine: «Hapana, ni kuni za kina mama.» Kemia inaweza kukata kesi hii, lakini mashahidi wachunguzwe vizuri.

1. Kushika moshi
Mashine inavuta hewa kupitia karatasi ya chujio. Vumbi laini, la chini ya mikromita 2,5, linabaki pale. Ndilo linaloingia ndani kabisa ya mapafu. Kisha maabara inayeyusha vitu vilivyonaswa na kuvitenga kimoja kimoja.

2. Kila moto na alama yake
a) Kuni: mti una selulosi. Ikiungua kupita digrii 300 hivi, inavunjika na kutoa levoglukosani. Petroli na mazutu haziitoi, kwani hazina selulosi.
b) Kamio na pikipiki: hopani, masalio ya bakteria wa zamani sana, yaliyomo katika mafuta ya kulainisha injini.
c) Nyama ya kuchoma: kolesteroli.

Mwaka 2011 watafiti walichuja hewa ya Morogoro, Tanzania, wakati wa mvua na wa kiangazi. Kwa kupima levoglukosani walitambua mchango wa moshi wa miti na majani.

3. Tujihadhari
Hapa kwetu mjini wengi tunapika na makala. Selulosi ya mti ule ilikwisha kuvunjika kule ulikochomwa kuwa makala. Basi jikoni makala hutoa levoglukosani kidogo sana. Lakini hewa yake ya monoksidi ya kaboni inaweza kuua watu waliofunga nyumba na kulala. Tena, levoglukosani yenyewe huharibika polepole hewani wakati wa jua.

Kwa hiyo alama kukosekana si ushuhuda kwamba jiko halina kosa. Lazima kupima alama nyingi pamoja, na kuzilinganisha na moshi wa kila moto wa hapa kwetu. Tukihukumu kwa shahidi mmoja, tutamwazibu mwenye pikipiki, na huku mama na mtoto mgongoni wanaendelea kukohoa jikoni.

Maswali
1. Juu ya nini petroli haitoi levoglukosani?
2. Chujio lina hopani nyingi na levoglukosani kidogo. Je, hakuna moshi wa jikoni? Eleza.