Kwa Nini Injini Iliyofungwa Upya Hukataa Kutulia

Gari la shule aina ya Land Rover hupelekwa gereji kwa sababu injini yake imechoka: inakula oili, inatoa moshi wa buluu, na kilima kidogo kinaishinda. Fundi huifungua, silinda huchongwa, pistoni na ringi mpya hutiwa, na baada ya majuma kadhaa injini huwaka tena. Barabarani huvuta vizuri. Lakini dereva anapoondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta, injini hutikisika, husitasita, kisha huzimika. Ndipo bisibisi inapotolewa na skrubu ya kabureta kuzungushwa ili petroli iongezeke. Injini hutulia kiasi, na gari hukabidhiwa kwa mwenyewe.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba bisibisi ile ilitolewa mapema mno, na kwamba huenda fedha zote zilizotumika zikapotea kwa sababu yake.

Mwendo wa kutulia, ambao mafundi wetu huuita sailensi, ndio mtihani mgumu kuliko yote kwa injini. Hapo nguvu yote inayozalishwa huishia katika kushinda msuguano wa injini yenyewe, hakuna akiba. Tena ringi na beringi mpya zina msuguano mkubwa kuliko zile zilizokwisha kulainika. Kosa dogo ambalo halionekani kwa mwendo wa kasi hutosha kuizima.

Hebu tupige hesabu, ambayo mwalimu wa fizikia anaweza kuirudia darasani. Injini ya petroli ya Land Rover Series III ina ujazo wa lita 2.286. Kwa kuwa kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili, injini inayozunguka mara 700 kwa dakika huvuta lita 350 × 2.286, yaani 800 hivi kwa dakika. Lakini mlango wa hewa wa kabureta umefungwa karibu wote, na kanieneo katika bomba la kuingizia hewa ni kama theluthi moja tu ya ile ya nje. Kwa hiyo hewa halisi inayoingia ni sawa na lita 270 za hewa ya nje kwa dakika, au lita 4.5 kwa sekunde.

Sasa chukua tundu la kipenyo cha milimita 3 katika bomba hilo, nyuma ya kabureta. Kwa tofauti hiyo ya kanieneo, hewa hupenya kwa kasi ya sauti, na tundu hupitisha takriban lita 1 kwa sekunde. Mchanganyiko uliokuwa sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito, huwa 18 kwa 1, nao hauwaki kwa hakika, hasa ukiwa umechanganyika na moshi uliobaki ndani ya silinda. Kanyagia mafuta mpaka mwisho kwa mizunguko 3,000: injini yavuta karibu lita 50 kwa sekunde, tofauti ya kanieneo yatoweka, na tundu lile halina athari tena. Ndiyo maana gari huvuta vizuri barabarani!

Kuongeza petroli kwa skrubu huficha tundu, hakulizibi. Iwapo hewa inaingia karibu na silinda moja, nyingine tatu hupewa petroli kupita kiasi. Petroli isiyowaka huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi mpya hulika kabla hazijakaa.

Basi kazi ianzie mbali na kabureta. Pima nafasi za valvu: kwa injini hii ni milimita 0.25, na valvu iliyobanwa mno haifungi sawasawa. Hakikisha alama za mnyororo wa kamshafti zimelingana, na nyaya za plagi zinafuata mpangilio wa 1-3-4-2. Kisha tafuta uvujaji. Injini ikiwa inazunguka, dondosha oili nyepesi kwa brashi kwenye maungio ya bomba na kwenye mipira. Mlio ukibadilika, tundu limepatikana. Wapo wanaotumia petroli kwa kazi hiyo, karibu na bomba la moto la moshi. Siwezi kuwasifu. Na kazi hii ifanyike nje, kwani moshi wa gari ndani ya chumba huua.

Mimi mwenyewe nilipoteza siku mbili kwa tundu la namna hiyo: mpira wa breki ulichomoka nilipofunga injini, nami sikuuona. Shahada ya uzamivu niliyoipata ng'ambo haikunisaidia, brashi ilinisaidia.

Mwenye geji ya ombwe ataona mengi. Kwenye usawa wa bahari sindano ya injini nzima husimama tuli kati ya milimita 450 na 530 za zebaki. Mbeya, kwenye mwinuko wa meta 1,700 hivi, itasoma pungufu kwa milimita 130 au zaidi, bila injini kuwa na kosa lolote. Sindano ikishuka ghafula kwa mpigo wa kurudiarudia, valvu moja haizibi.

Magari ya sasa yana kompyuta inayopima hewa na petroli, lakini gasketi iliyopasuka huyasumbua vile vile.

Yakishakamilika hayo, ndipo kabureta ifunguliwe. Ile ya Zenith 36 IV ina kifuniko kinachopinda kikikazwa mno, na petroli hupita mahali isipopaswa. Kisugue juu ya msasa mwembamba uliolazwa kwenye kioo mpaka uso wote ung'ae, badilisha mpira wa duara ulio ndani, na mwishowe, injini ikiwa ya moto, zungusha skrubu kwa robo robo.