Selimundu si Kosa la Mama

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, somo letu latokana na swali la ndugu yetu wa Mombasa aliyehamia Tuala, Kajiado. Mtoto wake huumwa na mifupa na macho yake huwa manjano, na jamaa wamtuhumu mkewe kuwa ndiye aliyemletea jini.

Ndugu zangu, hizo ni dalili za selimundu. Na apimwe damu. Mola ameweka katika mwili maagizo ya kurithiwa, yaitwayo jeni. Moja yao huongoza kuundwa kwa himoglobini, protini ichukuayo hewa katika damu. Mnyororo wake mmoja una viungo 146. Kikibadilika kile cha sita tu, chembe nyekundu hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa.

Airithiye jeni hiyo kwa mzazi mmoja kwa kawaida huwa mzima, tena hukingika na malaria kali, kama alivyobainisha tabibu Allison mwaka 1954. Ndiyo sababu imeenea pwani kuliko nyanda za juu, ambako malaria ni haba. Airithiye kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina fungu moja katika manne la ugonjwa huo.

Basi mama atahukumiwaje peke yake? Kusingizia bila ya ilimu ni dhuluma. Mtoto na apelekwe hospitali, na mama aombwe radhi. Na kupima damu kabla ya nikahi si kuikana kadari. Ni kumfunga ngamia, kisha kutawakali.

Wallahu aalam.