MWILI NAO HUSEMA

Umewahi kumwuliza mgonjwa, "Unaendeleaje?" naye akajibu, "Sijambo kidogo," huku uso wake umekunjamana? Maneno yake ni machache, lakini mwili umekwisha kusema. Leo tujifunze jinsi watu fulani walivyoutumia mwili kueleza ugonjwa wao.

Huko Marekani yuko mtunzi wa ngoma aitwaye Bill T. Jones. Yeye na mwenzake, Arnie Zane, walianzisha kikundi cha ngoma mwaka 1982. Mwaka 1988 Zane alifariki kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI. Jones mwenyewe ana virusi vya UKIMWI, wala hakuficha.

Baadaye Jones alikwenda katika miji mbalimbali ya nchi yake. Alikutana na watu wenye magonjwa ya kutisha, kama saratani na UKIMWI. Hao hawakuwa wachezaji ngoma. Walikuwa watu wa kawaida, vijana kwa wazee. Aliwaomba watembee ukumbini kana kwamba wanapita katika maisha yao. Aliwaomba pia waonyeshe kwa ishara ya mwili jinsi wanavyojiona.

Wachezaji wake walijifunza ishara zile, na Jones akaziunga kuwa ngoma moja. Ilichezwa mwaka 1994 mjini Lyon, Ufaransa. Jina lake ni Still/Here, yaani "Bado/Hapa". Nyuma ya wachezaji zilionekana picha za nyuso za wagonjwa wenyewe, na sauti zao zilisikika.

Wako waliopinga. Mwandishi mmoja wa Marekani alikataa kwenda kuitazama. Alisema hawezi kuipima sanaa ya watu ambao analazimika kuwahurumia. Lakini wagonjwa wale hawakuomba kuhurumiwa tu. Walitaka kusikilizwa.

Sisi tunajifunza nini? Kwanza, ngoma si dawa. Mwenye virusi vya UKIMWI anahitaji dawa za kufubaza virusi, azimeze kila siku kama alivyoelekezwa. Haziondoi virusi vyote mwilini, lakini humwezesha kuishi miaka mingi. Pili, mficha maradhi kifo humwumbua. Ukifika zahanati, usiseme tu, "Naumwa." Onyesha kwa mkono mahali panapouma. Onyesha maumivu yanapoanzia na yanapoishia. Eleza yalianza lini, na huzidi wakati gani. Tatu, ukimwuguza mtu asiyependa kusema, tazama anavyoinuka, anavyotembea na anavyolala. Kisha mwulize kwa upole, umpe nafasi ya kujibu.

Mgonjwa aliyejificha chumbani bado ni mtu, na bado yuko hapa.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini wagonjwa wengine huficha maradhi yao?
2. Wagonjwa waliokutana na Jones walielezaje hali zao?
3. Utamweleza nini mganga ili aujue ugonjwa wako upesi?
4. Katika kijiji chenu, ni nani mgonjwa ambaye hajatembelewa siku nyingi? Mtakwenda lini?