Kufungua Ramani za Robanda kwa GeoPandas: Mafunzo Niliyopata

Robanda iko jirani na lango la Ikoma la Hifadhi ya Serengeti, na ni kimojawapo cha vijiji vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona. Huku, mstari wa mpaka ndio unaosema nani alime wapi na nani achunge wapi, kwa hiyo faili la ramani halifunguliwi kwa pupa.

1. Shapefile ni ukoo. Maumbo yamo kwenye .shp, faharasa kwenye .shx, jedwali kwenye .dbf, na mfumo wa vipimo kwenye .prj. Watu hutumiana .shp peke yake kwa WhatsApp. Omba zipu nzima. GeoPandas, maktaba ya Python ya data za ramani, huisoma hivyo hivyo kwa read_file.

2. Kabla ya kuchora, tazama crs, yaani huo mfumo wa vipimo. Hili ndilo zito. Ramani za zamani za nchi yetu zilipimwa kwa Arc 1960, ilhali simu zetu hutumia WGS 84. Namba zinakaribiana mno, mchoro unatoka safi, kumbe kila kitu kimesogea karibu mita 300: tayari shamba la mtu limeingia hifadhini! Sisi tumo ukanda wa 36 kusini wa UTM. Msimbo wa EPSG wa Arc 1960 ni 21036, wa WGS 84 ni 32736. Faili lisipokuwa na .prj, crs huwa None, na hapo ndipo mtu hushawishika kuandika set_crs yoyote ili kazi iendelee. Lakini set_crs hubandika lebo tu. Anayehamisha nukta ni to_crs. Lebo ikidanganya, programu haitanung'unika. Mimi huweka juu yake barabara za OpenStreetMap, ambako wajitoleaji wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji vya Tanzania tangu 2015, nikaona kama zinalaliana.

3. Faili la GeoJSON hutanguliza longitudo kabla ya latitudo. Robanda ni takriban [34.7, -2.1]. Zigeuze, na kijiji kitatua Moroko, karibu na Oujda. Kosa hili nalipenda: halijifichi.

4. Jina la safu katika shapefile halizidi herufi 10. Safu za jina_la_kijiji na jina_la_kitongoji zote hukatwa zikawa jina_la_ki, kisha ya pili hupachikwa namba. Atakayelipokea faili atajuaje kipi ni kipi? Ofisi zinazodai shapefile zipewe. Nakala yako itunze kwa GeoPackage, faili moja lisilokata majina.